Anayeingia Saa ya Chakula

Karakanani walimwita Komeo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Mlango wa chumba chake cha kazi ulikuwa na kitasa kilichokuja na jengo, kufuli alilonunua mwenyewe, na komeo la chuma alilolipachika kwa ndani ili asishtukizwe hata akiwa amekaa mle mle. Penseli zake alizichonga alama kwa kisu, ili akiiona moja mkononi mwa mtu ajue ugomvi uanzie wapi. Akipewa chai ya bure, aliuliza kwanza imetoka wapi na kwa sababu gani. Watu wengi humwamini mtu mpaka awakosee. Komeo alianzia upande wa pili, akakutilia shaka mpaka uzoee, na ukishazoea akajiuliza mbona umezoea upesi hivyo.

Ila kwenye kazi alitia fora. Yeye ndiye aliyechora violezo, yaani zile karatasi za vipande vya nguo ambazo mkataji huzitandika juu ya kitambaa na kuzifuata kwa mkasi. Kifua, mgongo, kola, mikono, kila kipande cha kila sare iliyotoka katika karakana ile kilipitia kichwani mwake kwanza. Zamani alichora kwa rula ya mbao, na ubavu wa kiganja chake ulikuwa mweusi mwaka mzima. Kompyuta ilipoletwa, wenzake wa rika lake walikuja na visingizio vya macho na mgongo. Yeye akaikalia mpaka ikamjua. Bosi, mama mmoja aliyeanza maisha kwa kuuza vitambaa kwa mita na ambaye mpaka leo hakujua kusoma kiolezo, alikuwa na jibu moja kwa mteja yeyote mwenye wasiwasi. "Fundi akisema iko sawa, iko sawa," alisema, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Nyuma ya ukuta wa mbao ndipo palipokuwa chumba cha kukatia, na mkataji alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake marehemu. Mafundi walimwita Mkasi. Komeo ndiye aliyemlea, akamfundisha kukata mstari ulionyooka kabla hajajua kuandika ulionyooka, na akamleta kazini kwa mkono wake mwenyewe. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye Komeo angeweza kumwachia penseli bila alama, basi alikuwa huyo binti. Alikuwa msichana wa maneno machache, na mjomba wake alimpenda kwa hilo zaidi ya mengine yote.

Kazi yao ilikuwa na mwendo wake. Asubuhi Komeo alichora. Saa ya chakula alifunga mlango, akaenda kula nyumbani, maana hakuwa mtu wa kula chakula cha mkono asioujua. Akirudi aliituma kazi ya asubuhi kwenye plota, ile mashine ndefu ya kuchorea iliyosimama chumba cha kukatia. Plota ikatema karatasi, Mkasi akazitandika mezani, na kazi ikaendelea mpaka jioni. Folda ya violezo iliyokuwa ndani ya kompyuta ya Komeo ilikuwa wazi kwa kompyuta ya chumba cha kukatia tangu zamani, ili binti achungulie kipimo akikihitaji bila kumgongea mjomba wake mlango.

Sasa siku moja, karakana ikiwa imepata kazi kubwa ya makoti ya hospitali, Komeo alirudi kutoka kula, akafungua kiolezo cha asubuhi, na jicho lake likatua pembeni, mahali kompyuta inapoandika ni saa ngapi faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Lilibadilishwa saa saba na nusu. Na saa saba na nusu yeye alikuwa mezani kwake nyumbani, akimgombeza mkewe kuhusu miwani. Machale yakamcheza. Akainuka, akachunguza kufuli, akachunguza kitasa, akapiga magoti kutazama sakafu kama kuna vumbi lililokanyagwa. Hapakuwa na kitu.

Wiki hiyo hiyo karakana ya ng'ambo ya barabara ilitundika kwenye kioo chake koti jeupe lenye kola ya mviringo, kola ambayo Komeo alikuwa ameichora mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo kile hadi muuzaji akatoka kumuuliza kama anahitaji msaada. Akasema hapana, anapumzika tu. Alirudi kazini akiwa na hakika kwamba anaibiwa, na kilichobaki ni kujua mkono wa nani.

Alikwenda kwa fundi wa simu, kijana mchangamfu mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la pili, akamzunguka kwa maneno kama mtu anayeulizia ugonjwa wa rafiki.

"Kompyuta inaweza kuingiwa na mlango umefungwa?"

"Mlango upi, mzee?"

"Wa chumba."

Fundi wa simu akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Mzee wangu, huo wa chumba ni wa kuzuia wezi wa viti. Kompyuta ina milango yake yenyewe, maelfu, na kila mmoja una namba. Kuna wa kupitisha mafaili, kuna wa printa, kuna wa barua. Mtu anaingia kwa waya akiwa amekaa zake chumba kingine, wala hakugusi. Sasa mle ndani yupo mlinzi anaitwa fayawoli. Yeye ndiye anasema nani apite, nani arudi alikotoka. Wewe umempa maagizo gani?"

Komeo alikuwa bado kwenye neno maelfu. Miaka yote ile alikuwa amekaa katika chumba chenye milango maelfu, na alikuwa amenunua kufuli moja.

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Miwani ilikuwa ikihama. Funguo zilikuwa zikihama. Jioni ile alizitafuta mpaka akabomoa kitanda, na mkewe, mwanamke mwenye subira iliyokwisha kulika pembeni, akazikuta kwenye kopo la sukari.

"Nani kaziweka humu?" Komeo aliuliza.

"Baba watoto, tuko wawili humu ndani, na mimi sina gari la kuendesha wala mlango wa kufunga."

"Basi kuna mtu anahamisha vitu."

"Siku hizi unanitafutia maneno," mkewe alisema, akarudi jikoni. Komeo akalitazama kopo kwa muda. Kisha akazitia funguo mfukoni na kuufunga mfuko kwa pini.

Asubuhi iliyofuata hakuanza kwa kuchora. Alifungua mipangilio ya kompyuta, akapekua, akaikuta ile fayawoli imekaa kimya kama mlinzi wa geti aliyelala na kofia usoni. Ilikuwa na pande mbili, upande wa vinavyoingia na upande wa vinavyotoka, na kila upande ulikuwa na kanuni zake, zilizo nyingi hakuzielewa na zote hakuziamini. Nani alizitunga? Nani aliruhusu printa ya mapokezi ijuane na kompyuta yake? Akaanza upande wa vinavyoingia: zuia. Akaenda upande wa vinavyotoka: zuia. Mlango wa mafaili, ambao kumbe ulikuwa na namba yake, 445, akauzuia mara mbili, kwa kanuni ya jumla na kwa kanuni yake wenyewe, kusudi ujue kwamba anauongelea wenyewe. Alikwenda kula siku hiyo akitembea kama mtu aliyeoa tena.

Aliporudi akatuma koti kwenye plota. Plota ikanyamaza. Akatuma tena. Kimya. Chumba cha kushonea, mafundi waliokuwa wakingoja vipande walianza kwa kunong'ona, wakaendelea kwa kuimba, na fundi mmoja wa vifungo akajilaza juu ya marobota akasema aamshwe siku ya mshahara. Bosi akaja na viatu vyake vya sauti. Komeo alikwenda kuizunguka plota, akatazama waya, akanusa nyuma yake, akatangaza kwamba kuna mtu ameichezea.

Mkasi alikuwa amesimama kando na karatasi mkononi. "Mjomba," alisema taratibu, "labda umefunga na njia ya kutokea."

Komeo akageuka polepole. "Nani amekwambia nimefunga kitu?"

Binti akainamisha macho. "Nimedhania tu."

Kumbe alikuwa amedhania sawa. Aliyezuia vyote vitokavyo alikuwa amezuia na kazi yake mwenyewe isifike kwenye karatasi. Komeo akarudi chumbani shingo upande, akafungua mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa plota, kwa anwani ya plota peke yake, na mashine ikaanza kulia. Mafundi wakampigia makofi. Hakusikia, kwa maana neno la Mkasi lilikuwa limemkaa kama mfupa kooni. Mtu hajui kuwa mlango umefungwa mpaka aujaribu.

Akaiamuru fayawoli iandike kila atakayegonga. Ilikuwa kazi ya kubofya mahali pawili, na ndiyo iliyomnyima usingizi. Kila siku alipotoka kula, kila siku, kulikuwa na mgongaji. Anwani ile ile, mlango ule ule wa mafaili, na jibu lile lile: amezuiwa. Kwenye mtandao wa ndani kila kompyuta ina anwani yake, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na Komeo alianza kuzungukia kompyuta za karakana moja baada ya nyingine kama daktari wa zamu. Alianza na ya mapokezi. Akaenda ya stoo. Akaenda mpaka ya Bosi, akisema anataka kuangalia saa. Ya chumba cha kukatia aliiacha mwisho, na ukimuuliza angesema ni kwa sababu ilikuwa mbali, ingawa palikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake.

Alipoiona anwani ile kwenye skrini ya mpwa wake, alijisikia kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto. Aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, na kwenye sanduku la takataka chini ya meza akaona karatasi zake za jana, zimekunjwa, na juu ya mistari ya plota kuna mistari mingine ya penseli.

"Hii ni nini?"

"Karatasi ilijikunja kwenye plota, mjomba. Nikanyoosha mstari."

"Sijakuona ukininyooshea mstari tangu ukiwa na miaka saba."

Binti akaendelea kunoa chaki. Komeo akaichukua ile karatasi bila kuikunjua, akaitupa kwenye moto wa pasi za makaa nje, maana hakutaka mtu mwingine aokote kola yake.

Hapo ndipo alipokata shauri la mtego. Mwizi anayezuiwa hupata akili ya njia nyingine, alijiambia. Mwizi anayeachiwa hunona. Akaandika kanuni mpya: mlango wa mafaili ufunguliwe tena, ila kwa anwani moja tu, ile ya chumba cha kukatia, na kila anayepita aandikwe saa aliyoingia na saa aliyotoka. Kisha, kila siku kabla ya kwenda kula, alinakili violezo vya asubuhi kwenye flashi, na flashi akaivaa ndani ya soksi. Mkewe alimwona akichechemea akamuuliza kulikoni. Akasema ni gauti.

Wiki nzima Mkasi aliingia. Komeo alikuwa mezani nyumbani, chakula mbele yake, na alijua kwamba dakika ile ile binti wa dada yake yumo ndani ya folda yake. Hakuwa na hamu ya kula. Angekuwa mtu mwingine angefurahi, kwa vile mtego ulishika. Yeye aliumia mpaka akajishangaa, kwa sababu miaka yote aliwashuku watu na hakuwahi kufikiria ingekuwaje siku atakayokuwa kweli ameibiwa na mtu anayempenda. Hakuyafungua mafaili kuyalinganisha. Ushahidi hauchezewi, alijiambia. Kila mchana saa ya kubadilishwa ilikuwa mpya, na hilo lilimtosha. Alidhani ni nyayo za mtu anayenakili kwa haraka. Akavituma violezo kwenye plota kama kawaida, na makoti yakaendelea kushonwa bila lawama ya mtu.

Mwisho wa wiki akamwita Bosi chumbani kwake. Akamwita na Mkasi. Akafunga komeo.

"Kwa nini unafunga?" Bosi aliuliza.

"Utaona."

Akaeleza yote, kuanzia saa saba na nusu mpaka koti la ng'ambo. Akaonyesha kumbukumbu za fayawoli, anwani, mlango, saa. Aliongea vizuri, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo, na kweli alikuwa amefanya. Bosi alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Lile koti la ng'ambo usinitajie," Bosi alisema. "Kola za mviringo kila mtu anashona, na kitambaa chao nimewauzia mimi mwenyewe. Ila hili la kuingia." Akamgeukia Mkasi. "Ni kweli unaingia kwenye kompyuta ya mjomba wako akienda kula?"

"Ni kweli."

"Kufanya nini?"

Mkasi alimtazama mjomba wake. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa chaki, na alikuwa ameishikanisha mbele kama anavyosimama mtu msibani. "Kuangalia vipimo," alisema.

"Kuangalia hakubadilishi faili," Komeo alisema.

Binti akajipangusa chaki vidoleni.

"Mimi sitaki kesi ya ndugu na ndugu hapa," Bosi alisema. "Kama umeuza kazi ya karakana sema, uchukue mkoba wako uende kwa amani. Kama hukuuza, sema ulikuwa unafanya nini."

Mkasi hakusema. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuamua kupoteza kitu, na Komeo aliisoma sura hiyo kuwa ni ya mwenye hatia. Akavua kiatu. Akatoa flashi kwenye soksi, Bosi akageuza uso kidogo, na Komeo akaichomeka kwenye kompyuta. Programu ya violezo ilikuwa na njia ya kuweka michoro miwili mmoja juu ya mwingine. Kiolezo chake, cha kabla ya chakula, akakipa rangi nyekundu. Kile cha baada ya mkono wa Mkasi akakipa bluu. Akafungua koti.

"Haya," alisema. "Unaona? Haifanani."

"Naona mistari," Bosi alisema. "Wewe ndiye fundi. Niambie ameharibu nini."

Komeo akasogea karibu na skrini.

Koti lina mikono miwili, na mchoraji huchora mmoja tu. Wa pili huugeuza, ili mmoja uwe wa kulia na mwingine wa kushoto. Ni jambo la siku ya kwanza, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwapigia mafundi wapya vidole kwa rula. Mikono ya bluu ilikuwa imegeuzwa, inatazamana kama inavyopasa. Mikono myekundu ilikuwa yote ya kulia.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba flashi imechezewa. Lakini flashi ilikuwa kwenye soksi yake, na soksi ilikuwa mguuni. Akafungua kazi ya siku ya pili. Suruali nyekundu haikuwa na nafasi ya mshono kwenye kipande cha nyuma. Ingekatwa hivyo, asingeingia hata mtoto. Ya bluu ilikuwa nayo, imechorwa kwa utulivu, kwa mkono anaoujua kwa sababu aliufundisha. Akafungua ya siku ya tatu. Kola nyekundu ilikuwa ndefu kuliko shingo. Ya bluu ilikuwa kola yake, ile nzuri, ile ya miaka yote, na hakukumbuka kabisa kama aliwahi kuichora vingine.

Akaendelea kufungua. Hakukuwa na siku hata moja ya wiki ile ambayo nyekundu ilikuwa sawa.

Mafundi upande wa pili walikuwa wakishona, na mlio wa cherehani ulipita kwenye mbao ukajaa chumbani. Komeo alikuwa ameshika kipanya lakini mkono haukuwa ukienda. Aliogopa. Si kama alivyozoea kuogopa wezi na majirani, hofu ambayo humpa mtu kazi ya kufanya na kufuli la kununua. Hii ilikuwa ndani yake mwenyewe, na hakujua ingezuiwa upande gani, wa vinavyoingia au wa vinavyotoka.

Na hapo hapo, kwa vile alikuwa Komeo na akili yake haikuacha kazi hata siku hiyo, aliona njia. Bosi hasomi violezo. Akiambiwa nyekundu ni sahihi na bluu ni uharibifu, ataamini, kwa kuwa fundi akisema iko sawa, iko sawa. Aliyeweza kumkanusha alikuwa mmoja tu. Akageuka kumtazama Mkasi. Binti alikuwa ameangalia sakafu. Hakuwa akingoja kusema kitu. Komeo akaelewa, kwa uhakika ambao hakuwahi kuwa nao juu ya mtu yeyote, kwamba hata akisema uongo huo sasa hivi, yule binti atachukua mkoba wake atoke nje ya geti na hatamwambia mtu.

"Fundi," Bosi alisema. "Nina wateja. Ameharibu nini?"

"Subiri," Komeo alisema. "Huu wa bluu ni wake."

"Ndiyo, umeshasema."

"Huu wa bluu ndio sahihi."

Bosi akakunjua mikono. "Na huu mwekundu?"

"Ni wangu mimi."

Kisha akamwonyesha, mkono kwa mkono, mshono kwa mshono, taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha Mkasi zamani juu ya meza ya kulia chakula. Alimwonyesha mpaka Bosi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasoma kiolezo. Alipomaliza, Bosi akamgusa bega, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasema watazungumza kesho kwa utulivu, wote watatu, na hakuna mtu anayeondoka. Akajifungulia komeo mwenyewe, akatoka.

Wakabaki wawili.

"Tangu lini?" Komeo aliuliza.

"Kabla ya mvua," Mkasi alisema. "Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Nilidhani umechoka."

"Na siku nilipofunga?"

"Nilirekebisha kwa penseli kwenye karatasi. Ila nilijua utaziona."

"Ungeniambia."

Mkasi akanyanyua macho. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Komeo zaidi. "Mjomba, ningekwambia mikono yote ni ya kulia, ungeniuliza nini?"

Komeo akafungua mdomo. Swali lilikuwepo tayari, limekaa pale pale linapokaa siku zote, na alijua Mkasi analijua. Angeuliza nani amekutuma.

Akaufunga mdomo. Akaitazama ile skrini, mistari myekundu na ya bluu, na kwa muda alionekana kama mtu anayesoma jina lake kwenye mlango usio wake. Halafu akavuta kiti cha pili kilichokuwa kimewekewa marobota ya karatasi, akayashusha chini, akakisogeza karibu na chake.

"Keti," alisema.

"Nina vitambaa mezani."

"Keti kwanza." Akasubiri mpaka akaketi. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta, maana kuyafuta ni kuyaonyesha. "Kuanzia kesho usingoje niende kula," alisema. "Ingia nikiwepo."